Akifunga Bila Kujibu

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mpwa wake, kijana mwenye sauti ya kwaya, na ulikuwa mfupi. Deodati alizaliwa Chala, akasoma Chala, akaingia seminari ndogo akatoka, akapelekwa Dar es Salaam kusomea kompyuta wakati wengi wetu tulikuwa hatujaiona hata picha yake, akarudi, akaoa, akapata watoto, akafungua banda la kutengeneza simu na kupiga picha za pasipoti karibu na stendi, akaugua figo, akafariki. Kati ya kusoma kwake Dar es Salaam na kuoa kwake palikuwa na mwaka mzima aliokaa Sumbawanga, na mwaka huo haukutajwa. Nilikuwa nimekaa kwenye viti vya wageni. Upepo ulilipiga turubai hadi msomaji akawa anangoja litulie ndipo aendelee, na kila aliponyamaza nilidhani sasa atautaja. Hakuutaja. Nadhani hakuna aliyemwambia kwamba upo. Nilikuwa nimetoka Mpanda kwa basi la kwanza, mwanamke mzima niliyekwisha kustaafu, kuja kumzika mtu ambaye sikuwa nimezungumza naye tangu nikiwa msichana, na wasifu ulipofika kwenye shukrani kwa wauguzi, kilichonipanda kifuani hakikuwa kilio. Kilikuwa hasira, ileile ya zamani, kana kwamba ilikuwa imekaa Chala miaka yote ikinisubiri nifike.

Baada ya mazishi tulipewa chakula, nikakaa kwenye mkeka na akina mama wa jumuiya. Mjane wake, Konsolata, alitolewa nje kupokea pole za waliotoka mbali. Nilipoinama kumshika mkono aliniuliza jina langu, nikamwambia.

"Wewe ndiye Skola wa maelezo?"

"Ndiye mimi, dada. Pole sana."

"Simu ya mtu ikimshinda, akifungua kile kitabu chake haelewi, alikuwa anasema, hiki hakuandika Skola." Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyechoka kulia. "Nikimwuliza Skola ni nani, ananiambia tulifanya kazi pamoja. Basi. Anageukia mambo mengine."

Nyuma yangu watu walikuwa wakisubiri zamu ya kutoa pole, nikasogea. Lakini hiyo "basi" nilirudi nayo Mpanda, na ndiyo inayonifanya niandike sura hii. Kazi tuliyofanya pamoja haikuwa ya basi.

Ulikuwa mwaka ambao kila kitu Sumbawanga kilikuwa kinauzwa au kinasubiri kuuzwa. Malori ya wanunuzi binafsi yalikuwa yameanza kupanda kutoka Tunduma na kununua mahindi mlangoni kwa mkulima, na chama chetu cha ushirika, ambacho zamani ndicho pekee kilichoruhusiwa kuyanunua, kilibaki na maghala vijijini, magari mabovu na wafanyakazi wengi waliokuwa wakija kazini kusoma magazeti ya wiki iliyopita. Kila mkutano tuliambiwa maneno mapya: ushindani, ufanisi, kujiendesha. Wafadhili walisema chama kitapona kikiwa na kompyuta, wakazileta. Mimi nilikuwa mpiga chapa, nimetoka chuo cha uhazili Tabora, mwenye sketi mbili na mashine ya kuandikia ambayo herufi yake ya "m" ilikuwa inaruka. Siku moja meneja wetu, Mzee Anselimu, aliniita ofisini kwake akaniambia kuanzia Jumatatu nitahamia chumba cha kompyuta, kuna kijana amekuja, anahitaji mtu anayejua Kiswahili cha kuandika.

Chumba hicho kilikuwa stoo ya mbegu. Walikuwa wamekipaka rangi nyeupe, lakini harufu ya dawa ya wadudu haikutoka, na mpaka leo nikifungua mfuko wa mbegu zilizotiwa dawa ninaiona ile meza ndefu na zile kompyuta zilizofunikwa kwa vitambaa alivyozishonea Mama Rehema wa jikoni. Dirisha liliwekwa pazia zito kuzuia vumbi. Mtu alivua viatu mlangoni, hata meneja, na kwa kuwa sakafu ilikuwa ya saruji na Juni ya Ufipa haina huruma, nilikuwa navaa soksi mbili, moja juu ya nyingine, na kitenge mapajani. Deodati yeye alikaa pekupeku. Alikuwa mrefu, mwembamba, anayeongea polepole kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kifipa ambayo Dar es Salaam haikuweza kuiondoa, na alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti ya chini kila alichokuwa anaandika, kama mtu anayesali rozari.

Alinieleza kazi yake siku ile ya kwanza, nami nitaieleza kama alivyonieleza, maana sijapata kusikia maelezo bora. Mtu anayeandika programu, alisema, mara nyingi anahitaji mashine izungumze na anayeitumia. Inataka kumpa taarifa, au kumwonya, au kumwuliza swali, au kumwambia subiri, kazi imefika hapa. Hayo mazungumzo hutokea ndani ya kisanduku kidogo katikati ya kioo. Kila mwandishi wa programu akianza kuchora kisanduku chake upya atapoteza muda na atakosea. Kwa hiyo yeye anaviandika mara moja, vizuri, vyote vikizungumza Kiswahili, anaviweka pamoja, na mkusanyiko huo unaitwa maktaba. Mwingine akija, wa ushirika wetu au wa hospitali au wa halmashauri, atachukua kisanduku kilicho tayari na kukitumia.

"Sasa huyo mwingine atajuaje kinavyotumika?" nikamwuliza.

"Ndiyo kazi yako hiyo," alisema. "Bila maelezo, maktaba ni stoo tu."

Vilikuwa visanduku vya kawaida kabisa, na yeye alivipa majina ya kuamrisha: Taarifu, Onya, Uliza, na Omba, cha kumtaka mtu aandike neno. Na kile cha kuonyesha kazi imefika wapi, chenye mstari unaojaa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, alikiita Jaza. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa wa Taarifu. Niliuandika kama nilivyofundishwa kuandika barua za ofisi: kisanduku hiki ni kizuri na humsaidia mtumiaji kupata habari kwa urahisi. Deodati aliusoma, akanirudishia bila dharau.

"Skola, huyu anayesoma ana haraka na amekwama. Usimsifie kisanduku. Mwambie anakipa nini, kinamrudishia nini, na lini asikitumie."

Niliandika upya, na upya tena. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kuandika maelezo ya kitu si kukisifu, ni kukisumbua kwa maswali. Mchana wote nilikuwa nakibonyeza kisanduku kimoja kwa kila namna ninayoweza kuifikiria, kisha naandika kilichotokea. Maneno yakiwa marefu kuliko kisanduku, yanakatwa. Ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, cha kwanza ndicho kinachosikilizwa. Yeye alikuwa anaandika upande wa pili wa meza, anasali rozari yake, na mara kwa mara bila kugeuka anauliza, "Umepata nini?" Nilikuwa sijawahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote ofisini. Watu wa mapokezi walidhani tunapendana. Mimi nilijua ana mchumba Chala, alikuwa amenionyesha picha yake wiki ya kwanza, na nilikuwa nimejiambia kwamba kinachonifanya niamke mapema na kuwahi kazini ni kazi. Kwa sehemu kubwa ilikuwa kweli.

Tulipofika kwenye Uliza ndipo nilipopata kitu. Uliza kinaonyesha swali, na chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Nikabonyeza Ndiyo, kikarudisha Ndiyo. Nikabonyeza Hapana, kikarudisha Hapana. Kisha nikakifunga kwenye pembe bila kujibu chochote. Kikarudisha Ndiyo.

"Deo," nilimwita. "Mtu akifunga bila kujibu?"

Aligeuka, akaja akasimama nyuma yangu, nikamwonyesha. Alikuna kichwa. Hakuwa amekusudia, alisema, ilitokea tu kwa jinsi alivyopanga mistari.

"Mtu aliyefunga hajakubali," nilisema. "Labda amekasirika. Labda hajui kusoma. Labda ameitwa nje."

"Kweli kabisa. Achukuliwe amesema Hapana, kwa sababu Hapana haiharibu kitu. Andika hivyo." Alirekebisha pale pale, akanisubiri nijaribu tena, na kikarudisha Hapana. Nikaandika sentensi ambayo ninaijua kwa moyo: Akifunga bila kujibu, hesabu amekataa, usimjibie mtu swali ambalo hakulijibu. Sehemu ya pili haikuwa ya lazima, na mtu wa ufundi angeifuta. Deodati aliisoma, akaiacha.

Chakula cha mchana tulikula kwa Mama Rehema, nyuma ya jengo. Alikuwa mpishi na msafishaji wa ofisi, mama wa Kirando aliyepanda huku juu baada ya mumewe kufa ziwani, na hakuacha kulalamikia baridi yetu. Chumba chake kilikuwa kidogo, chenye jiko la mkaa, benchi moja, na magunia ya dagaa aliokuwa akiletewa na ndugu zake kuuza pembeni. Alitupikia ugali wa ulezi, mweusi, mzito, na samaki wa ziwani, migebuka, waliokaushwa kwa moshi, akitusimamia mpaka tumalize. Hapo ndipo tulipokuwa tukibishana maneno. Deodati alitaka kukiita kile cha Jaza upau wa maendeleo. Nilikataa. Nilisema maendeleo ni neno la hotuba, mtu akiliona atajua hakuna kinachosogea. Mama Rehema alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu Skola amesema kweli," alisema. "Mimi tangu nimeolewa nasikia maendeleo yanakuja Kirando."

Tukakubaliana kuuita mstari wa kujaa. Ukurasa wake nao niliupenda. Niliandika kwamba mwandishi wa programu lazima aupe mstari mambo mawili: kazi yote ni kiasi gani, na iliyokwisha ni kiasi gani. Kama hajui kazi yote ni kiasi gani, asiutumie, aandike tu Subiri. Mstari unaojaa kwa kukisia unamdanganya aliyekaa mbele yake. Ninapoyaandika haya sasa, nikiwa nimezungukwa na simu za wajukuu zenye mistari inayojaa na kusimama na kujaa, najua dunia nzima ilichagua kukisia. Lakini chumbani mle, kwa miezi kadhaa, watu wawili waliamini kwamba kitu kidogo kama hicho kinaweza kusema ukweli, na kwamba hilo lina maana.

Kisha akaja Bwana Edgar. Alitoka Dar es Salaam, mshauri aliyeletwa kusaidia chama kibadilike, na alikuwa mtu wa kupendeza, sitasema vinginevyo. Alitusalimia sote kwa majina kuanzia siku ya pili. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliusoma ukurasa wangu mmoja akiwa amesimama, akasema, "Una mkono mzuri, dada," na nikafurahi siku nzima, jambo ambalo mpaka leo linaniudhi. Mwezi wake wa kwanza aliomba kitu kidogo. Wageni wa wafadhili walikuwa wanakuja kuona programu ya wanachama aliyokuwa akiiandika Deodati juu ya maktaba yetu, na ilikuwa haijakamilika. Bwana Edgar aliomba mstari ujae vizuri mbele yao, bila kusita, hata kama nyuma yake hakuna kinachofanyika.

"Ni maonyesho tu," alimwambia Deodati. "Baadaye utaweka wa kweli."

Deodati alifanya. Wageni walisimama bila viatu kwenye saruji, na mstari ukajaa kwa mwendo mzuri kutoka kushoto kwenda kulia, wakapiga makofi. Nilimtazama Deodati, naye alikuwa anatazama kibodi. Tulipokuwa tunakula nilimwambia ukurasa wangu unasema hivi na mashine imefanya vile. Alisema, "Skola, ni wageni tu," akaniwekea kipande cha samaki kikubwa upande wangu wa sahani.

Kati ya chumba cha Mama Rehema na ofisi ya meneja palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na wote waliokula mle walijua mambo ya chama kabla ya wajumbe wa bodi. Mvua zilikuwa zimeanza, watu vijijini wako mashambani wanapanda, nilipokwenda kuomba maji ya moto na kuzikuta sauti za Mzee Anselimu na Bwana Edgar upande wa pili. Mama Rehema aliweka kidole mdomoni, tukasikiliza. Kulikuwa na kampuni iliyotaka maghala ya vijijini. Maghala hayo wanachama waliyajenga wenyewe, kwa matofali yao na nguvu zao, na kanuni za chama zilisema hayawezi kukabidhiwa kwa mtu mpaka wanachama wengi wa kijiji husika wakubali. Mikutano ilikuwa imeitishwa, na watu hawakuja.

"Hawaji kwa sababu wanapanda," Mzee Anselimu alisema. "Tungoje mavuno."

"Kampuni haitangoja, Mzee. Na kwa nini tungoje? Programu ya kijana inaleta jina la kila mwanachama kwenye kioo na kuuliza. Aliyehudhuria, karani anaweka jibu lake. Asiyehudhuria, karani anafunga swali anaendelea na mwingine."

"Akifunga, inahesabu amekataa. Niliona kwenye maelezo ya yule binti."

"Hilo ni jambo la kubadilisha mstari mmoja wa programu. Mtu asiyekuja mkutanoni hana pingamizi. Ndivyo inavyochukuliwa kila mahali."

Nikasikia kiti kikilia. Mzee Anselimu alikuwa anatafuta namna ya kukataa, naamini hivyo, na hakuipata. Alisema, "Mwulize Deodati kama inawezekana." Nimefikiria sana sentensi ile. Aliyeulizwa kama jambo ni haki akajibu tuulize kama linawezekana, amekwisha kulikubali, na amemtafutia mwingine wa kubeba.

Nilimwambia Deodati papo hapo. Nilidhani nikimwahi atajiandaa. Alinisikiliza akiwa ameweka mikono juu ya kibodi, kisha akasema amekwisha kuitwa, jana. Bwana Edgar alikuwa amemwahidi kumpeleka Dar es Salaam pamoja na maktaba yake, ikatumike kwenye mashirika makubwa, ikiwa na jina lake.

"Ikiwa na jina lako kwenye nini?" nilimwuliza. "Kwenye kisanduku kinachowajibia watu?"

"Mimi natengeneza kisanduku, Skola. Swali wanaandika wao."

"Hukusema hivyo ulipokirekebisha."

"Wakati ule hakuna aliyekuwa anakitumia." Alisema taratibu, bila ukali. "Sasa kuna mtu anataka kukitumia. Unajua ni watu wangapi wa Ufipa wamewahi kuandika kitu kikatakiwa Dar es Salaam?"

Nilikuwa najua kwamba anasema kweli, na kwamba ukweli huo ameuchagua ili asiutazame mwingine. Alibadilisha mstari ule siku hiyohiyo, mbele yangu, akisoma kwa sauti ya chini kama alivyosoma mingine yote.

Kilichobaki kilikuwa ukurasa wangu. Wafadhili walitaka maelezo yaambatane na programu, na maelezo yalisema Hapana pale ambapo mashine sasa ilisema Ndiyo. Mzee Anselimu aliniita. Alikuwa mzee aliyemfundisha mama yangu katekesimu, na alinikaribisha kiti, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Skola, ni sentensi moja. Andika kama mashine inavyofanya sasa. Si umefundishwa kuandika kinachotokea?"

"Nimefundishwa, Mzee. Nikiandika kinachotokea, nitaandika kwamba asiyejibu anajibiwa."

"Andika kwa lugha ya kiofisi."

"Hiyo ndiyo nisiyoweza, Mzee. Unisamehe."

Akasema chama kimeagizwa kupunguza wafanyakazi na kwamba mpiga chapa wa chumba cha kompyuta hayumo kwenye muundo mpya. Neno la mwaka ule lilikuwa kupunguzwa. Watu walipunguzwa kama sukari kwenye chai, hakuna aliyefukuzwa. Nilirudi chumbani kuchukua soksi zangu na kitenge. Deodati alikuwepo. Nilingoja aseme kitu. Aliuliza kama nimehifadhi kurasa za Omba kwenye disketi, nikasema nimehifadhi. Mama Rehema alinisindikiza mpaka barabarani akiwa amejifunga mashuka mawili, akanipa dagaa kwenye gazeti, akalia yeye badala yangu.

Nilikwenda nyumbani Mwazye kwa sababu sikuwa na chumba kingine. Nilifika wakati mahindi yamefika magotini. Hazikupita mvua nyingi kabla lori la kampuni halijafika kwenye ghala la kijiji likiwa na kufuli jipya, na mlinzi aliyesema ana barua. Watu walikusanyika wakiwa na majembe, hakuna aliyeyainua. Walisimama tu. Mwenyekiti wa kijiji aliisoma barua kwa sauti: wanachama wengi wa Mwazye wamekubali. Watu wakaanza kutazamana, kila mmoja akimtafuta huyo aliyekubali, na nikaona jambo ambalo sikulitegemea, kwamba walianza kushukiana wao kwa wao. Majirani waliobeba matofali ya ghala lile pamoja waliacha kusalimiana juma lile. Hilo hakuna kisanduku kilicholiuliza.

Bibi Natalia, mzee aliyekuwa na shamba mpakani mwa letu, alijua nilikuwa nafanya kazi mjini kwenye mashine. Alikuja uani jioni akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akazungumza Kifipa, maana Kiswahili alikitumia kanisani na kwa wageni tu.

"Barua inasema nimekubali. Mimi sijaulizwa. Nani alinijibia?"

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Kwamba kuna mashine, inaonyesha jina la mtu, inauliza swali, na mtu asipokuwepo inachukua kwamba amekubali.

"Iliniuliza lini?"

"Siku ile ya mkutano, bibi."

"Nilikuwa napanda. Iliniuliza kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

Alifikiri. Hakuwa na hasira, au alikuwa nayo na ameiweka mahali pengine. "Basi ukirudi mjini," alisema, "iambie nimejibu. Iambie Natalia wa Mwazye amesema hapana."

Nilimwambia mimi si mfanyakazi tena. "Mwambie aliyebaki," akasema, akanyanyuka, akashika njia ya kwake.

Nilipanda lori la magunia kwenda Sumbawanga wiki iliyofuata. Wenzangu wa mapokezi waliniruhusu kupita. Nilivua viatu mlangoni. Deodati alikuwa peke yake, amevaa shati jipya, maana safari ya Dar es Salaam ilikuwa bado inaahidiwa. Sikujua wakati ule, wala yeye hakujua, kwamba Bwana Edgar angeondoka na disketi na kwamba hakuna atakayemwita. Alinyanyuka aliponiona, akavuta kiti changu kilekile. Sikukaa.

"Nimetumwa," nilisema. "Bibi Natalia wa Mwazye anasema hapana."

Alidhani natania, kisha akaona sitanii. Akakaa kwenye kompyuta, akaandika jina, nikaliona linatokea kwenye kioo: jina lake lote, kijiji chake, na mbele yake Ndiyo. Aliweka kidole kwenye kibodi. Akatafuta, akarudi nyuma, akatafuta tena. Alikuwa anajaribu kweli, simnyimi hilo, na ni kwa ajili ya hilo nilipanda basi kwenda kumzika.

"Nilipewa agizo jibu likishaingia lisiguswe," alisema hatimaye, akiitazama mashine na si mimi. "Hakuna mahali pa kuiandika hiyo Hapana, Skola."